Askari Mwema Katika Jeshi la Himaya: Hadithi za Kisayansi Zinauliza Nini Hasa?

Kila inapotoka filamu au tamthilia ya vita vya angani ikapata watazamaji wengi, mabishano hayachelewi. Askari wa dola katili ni muuaji, au na yeye ni mhanga? Mtoto aliyeangamiza sayari nzima akidhani yuko kwenye mtihani, ana hatia? Na huyu mwandishi aliyemfanya ofisa wa jeshi la wavamizi kuwa shujaa, anataka tulipende jeshi hilo?

Mabishano haya huzunguka palepale kwa sababu maswali matatu yamefungwa fungu moja. La kwanza ni kama kitendo kilikuwa kiovu. La pili ni kama aliyekitenda anastahili lawama, na kwa kiasi gani. La tatu ni kama mwandishi anakiunga mkono. Kitendo kinaweza kuwa kiovu kupindukia, mtendaji akawa na lawama ndogo, na mwandishi akawa anakilaani tangu ukurasa wa kwanza. Ukiyatenganisha mapema, nusu ya ugomvi inakwisha. Nusu iliyobaki ndiyo inayostahili jasho letu.

Tuweke kwanza maana za maneno sawa. Himaya, kwa matumizi ya hapa, ni dola inayotawala watu ambao hawakuridhia kutawaliwa nayo, na ambao sauti yao haihesabiki sawa na ya wenye dola. Ukubwa si kigezo. Muungano wa sayari 1,000 uliojengwa kwa hiari si himaya. Sayari moja inayoukalia mwezi wake kwa mabavu ni himaya. Kwa hiyo jeshi la himaya lina kazi mbili: kupigana na majeshi mengine, na kuwaweka chini raia wasio na silaha. Filamu nyingi hupenda kutuonyesha kazi ya kwanza, yenye meli zinazolipuka na marubani hodari. Mtihani wa maadili uko kwenye ile ya pili.

Maadili binafsi ni ile mipaka ambayo mtu hataivuka hata akiamriwa na mwenye mamlaka juu yake. Watu huyachanganya na nidhamu. Mwenye nidhamu hujiuliza ameagizwa nini. Mwenye maadili hujiuliza kesho itasemwa amefanya nini, na kama ni kweli.

Halafu kuna amri haramu. Baada ya kesi za viongozi wa Wanazi, wanasheria wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 1950 zile zinazoitwa Kanuni za Nuremberg. Ya nne inasema kwamba kutenda kwa amri ya serikali au ya mkubwa hakumwondolei mtu wajibu mbele ya sheria ya kimataifa, mradi kwa hakika alikuwa na nafasi ya kuchagua kimaadili. Kifungu hicho cha mwisho, nafasi ya kuchagua, ndicho ambacho waandishi wa hadithi za kisayansi wamekuwa wakikivuta na kukikunja kwa zaidi ya nusu karne. Mwandishi wa hadithi ya kawaida anaweza kumtisha askari kwa bastola. Wa hadithi za kisayansi anaweza kumwondolea askari kumbukumbu, kumpa miili 20, au kumfanya aue kutoka umbali wa miaka ya mwanga, kisha atuulize: je, nafasi ya kuchagua bado ipo?

Suala la himaya halikupachikwa kwenye fani hii juzi. H. G. Wells alipochapisha The War of the Worlds kama kitabu mwaka 1898, Uingereza ilikuwa na makoloni duniani kote, naye akawaleta viumbe wa Mirihi wawatende Waingereza yale ambayo Waingereza waliyatenda kwa wengine. Sura ya kwanza inawataja wazi watu wa Tasmania, kisiwa cha Australia, na vita vya walowezi wa Ulaya vya kuwaangamiza. Anayesema siasa zimeingizwa kwenye hadithi za angani siku hizi hajasoma sura hiyo.

Gogo na wabebaji wake

Fikiria gogo kubwa linalobebwa na watu 20. Kila bega linahisi sehemu yake tu. Ukimuuliza mmojammoja atakwambia, bila kudanganya, kwamba mzigo wake haukuwa mkubwa, kwamba hakuona mbele walikokuwa wanakwenda, na kwamba hata angejitoa gogo lingefika. Na gogo limefika. Himaya zilizoandikwa vizuri huenda hivyo. Hazihitaji wakatili wengi. Zinahitaji kitendo kikubwa kikatwe vipande vidogo mpaka kila kipande kionekane kazi ya kawaida ya siku: rubani alisafirisha tu, karani aliandika majina tu, aliyeamuru hakugusa silaha, na aliyegusa silaha hakuamua.

Mwanasaikolojia Stanley Milgram alilipima jambo hili katika Chuo Kikuu cha Yale kuanzia mwaka 1961. Washiriki waliambiwa wamwadhibu mwanafunzi kwa umeme kila akikosea jibu, kiwango kikipanda hadi volti 450. Umeme haukuwepo na mwanafunzi alikuwa anaigiza, lakini mshiriki hakuambiwa. Katika jaribio linalotajwa zaidi, washiriki 26 kati ya 40 walifika mwisho. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba binadamu hutii tu. Somo kubwa zaidi liko kwenye majaribio mengine ya mfululizo uleule. Mwanafunzi alipowekwa chumba kimoja na mshiriki, waliofika mwisho walishuka hadi 16 kati ya 40. Mshiriki alipotakiwa kuushika mkono wa mwanafunzi na kuubana kwenye bamba, wakawa 12. Mtoa amri alipoondoka chumbani na kuagiza kwa simu, walitii karibu mtu 1 kati ya 5. Lakini mshiriki alipopewa kazi ya pembeni huku mtu mwingine akibonyeza swichi, 37 kati ya 40 waliendelea hadi mwisho. Na washiriki wenza wawili walipogoma mbele yake, walioendelea walibaki 4.

Tafiti hizo zimekosolewa, hasa kwa sababu baadhi ya washiriki walishuku kwamba ni mchezo. Hata hivyo tofauti kati ya 37 na 4 si ndogo, na inatupa ramani. Mtu yuleyule mwenye dhamiri ileile hutenda tofauti kulingana na ukaribu wa anayeumia, ukaribu wa anayeamuru, kipande cha kazi alichopewa, na kama kuna mwenzake aliyekwishasema hapana. Mwandishi anayebuni himaya anachezea vitasa hivyo hivyo vinne, kisha anaongeza vingine viwili ambavyo maabara haiwezi kuvigusa: kumficha mtu kile anachokifanya, na kuingia ndani ya akili yake.

Kuficha

Mfano unaobishaniwa kuliko yote ni Ender's Game ya Orson Scott Card, iliyochapishwa kama riwaya mwaka 1985. Ender Wiggin ni mtoto anayelelewa na jeshi ili awe kamanda dhidi ya viumbe waliowahi kuishambulia Dunia. Anaambiwa kwamba mapambano anayoyaongoza kwenye skrini ni mazoezi. Si mazoezi. Kila meli anayoiagiza ina watu ndani, na katika "mtihani wa mwisho" anatumia silaha inayobomoa sayari na kuwamaliza maadui wote. Anaambiwa ukweli baada ya kazi kwisha.

Kuna mambo mawili ambayo wabishi huyaruka. Moja, wakubwa walimdanganya kwa sababu walimhitaji mtu mwenye huruma. Asiyeweza kumwelewa adui hawezi kumshinda, na anayemwelewa kiasi hicho hawezi kumwangamiza kwa macho makavu. Kwa hiyo huruma ya mtoto iligeuzwa kifaa cha kazi, na hilo kwangu ni kosa baya kuliko hata uongo wenyewe. Mbili, Ender aliitumia silaha ile kwa kukusudia kuvunja taratibu za mchezo, akitumaini kwamba wakubwa wangeuona ukatili wake na kumwondoa. Kilichokusudiwa kuwa mgomo ndicho kilichoua.

Je, ana lawama? Kwa kipimo chochote cha haki, ndogo sana. Hakujua, alikuwa mtoto, na waliojua walikuwa wamekaa pembeni yake. Lakini hadithi haiishii hapo, na hapa tunahitaji tofauti moja zaidi: lawama ni jambo moja, na wajibu wa kurekebisha ni jingine. Ender mtu mzima hatumii udanganyifu ule kama kinga. Anasimulia kisa cha waliokufa kwa sauti yao na kuibeba mbegu ya mwisho ya jamii ile sayari hadi sayari akiitafutia makao. Mtu anaweza kuwa hana deni mahakamani na bado akawa na kazi ya kufanya.

Kuingia akilini

Joe Haldeman alikuwa mhandisi wa vita wa jeshi la Marekani huko Vietnam na alijeruhiwa huko. Riwaya yake The Forever War, ya mwaka 1974, inamfuata askari William Mandella. Kabla ya pambano la kwanza la ardhini, askari wamepandikizwa chuki kwa njia ya usingizi wa kuamriwa. Neno likisemwa redioni, vichwa vinajaa picha za unyama ambao adui anadaiwa kuufanya. Mandella anajua picha hizo ni za kutungwa. Anaziona hazina hata mantiki. Anaua hata hivyo. Baada ya miaka 1,143 ya vita inabainika kwamba vyote vilianza kwa kutoelewana, na viliendelea kwa sababu pande mbili hazikuwa na njia ya kuzungumza.

Angalia alichofanya mwandishi. Hakumfanya askari kuwa roboti. Alimwachia ufahamu na kumwondolea breki, na ndiyo maana eneo hilo la kitabu linaumiza. Yoon Ha Lee, katika Ninefox Gambit ya mwaka 2016, analisogeza mbele zaidi: askari wa kundi la Kel wamepandikizwa silika ya kulinda safu, na safu yenyewe, mpangilio wa miili ikitii, ndiyo inayozaa nguvu ya silaha. Utii umekuwa baruti.

Ulinganishe na askari wa filamu za Star Wars waliozalishwa kwa kunakiliwa kutoka mtu mmoja. Mwaka 2005 watazamaji waliwaona wakiwageukia makamanda wao na kuwaua kwa amri moja. Wakati huo maelezo yalikuwa kwamba walizalishwa wakiwa watiifu. Kisha tamthilia ya katuni ilikaa nao miaka kadhaa, ikawapa majina, utani na urafiki, na mwaka 2014 ikaeleza kwamba kila mmoja alikuwa na kidude ubongoni kilichowashwa na amri ile. Maelezo hayo yanawasafisha askari kabisa, na kwa hiyo yanalihamisha swali lote: tuwaulize sasa waliopandikiza, na pia wale makamanda wema walioliongoza jeshi la watu waliozalishwa kwa oda bila kuuliza sana waliagizwa na nani. Hilo la pili ni swali zito, na mashabiki wengi hulikwepa kwa sababu linawagusa mashujaa.

Hadithi ikigusa akili ya askari, maswali ya kupima ni matatu, na mpangilio wake una maana. Alijua anachokitenda? Angeweza kuacha, hata kwa gharama? Na kama hakuweza, je, kuna hatua ya nyuma ambapo alijiweka mwenyewe katika hali hiyo akijua? Askari wa kidude anajibu hapana mara tatu. Mandella anajibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa mengine, kwa kuwa aliandikishwa kwa lazima. Mtu aliyejitolea mwenyewe kupandikizwa chuki hiyohiyo angekuwa na kesi nyingine kabisa.

Luteni Awn

Kama ni lazima usome kitabu kimoja tu kuhusu jambo hili, soma Ancillary Justice ya Ann Leckie, ya mwaka 2013, iliyoshinda tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke. Himaya ya Radch hupanuka kwa kuteka sayari. Baadhi ya mateka hugandishwa na kuwekwa ghalani ndani ya meli. Askari wakihitajika, mwili mmoja hutolewa, hufungwa vifaa, nafsi yake hufutika, na akili ya meli huuingia na kuutumia kama mtu anavyotumia mkono wake. Msimulizi, Breq, ni mabaki ya meli iliyoitwa Justice of Toren. Mtawala, Anaander Mianaai, naye ana maelfu ya miili. Watu wa Radch wanajiona wastaarabu: wanavaa glovu, wanakunywa chai kwa adabu, wanachukia uchafu.

Luteni Awn ni ofisa mwema katika mji uliotekwa, Ors. Anawajua wakazi, anawasikiliza, kuhani mkuu anamwamini. Usiku mmoja mtawala anamwamuru awaue mateka waliomo hekaluni. Awn anasita. Anatoa amri. Miili ya meli inafyatua. Baadaye, ndani ya meli, mtawala anamtaka amtumikie tena kwa siri. Safari hii Awn anakataa na kusema heri angekufa kule hekaluni kuliko kutii. Mtawala anaiamuru meli impige risasi luteni ambaye meli hiyo inampenda. Inampiga. Sekunde chache baadaye mwili uleule unamgeuzia bunduki mtawala mwenyewe.

Hapa wengi husema Awn hakuwa na la kufanya: angekataa angekufa, na mateka wangeuawa na mtu mwingine. Hoja hiyo imewahi kufika mahakamani. Askari Dražen Erdemović alishiriki kuua wanaume na wavulana wa Srebrenica, huko Bosnia, mwaka 1995, na aliiambia mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani kwamba alipokataa alitishiwa kuuawa pamoja nao. Mwaka 1997 majaji wa rufaa, 3 dhidi ya 2, waliamua kwamba tishio la kifo halimfutii mtu kabisa hatia ya kuua wasio na kosa, ila linaweza kupunguza adhabu. Mwaka 1998 alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kupitishwa mwaka huohuo, unakubali tishio la kifo kama utetezi kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mtendaji asikusudie kuleta madhara makubwa kuliko aliyokuwa anayakwepa. Ibara ya 33 ya mkataba huo inasema pia kwamba amri ya mauaji ya kimbari au ya uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu kwa uwazi wake, na hakuna askari wa kudai kwamba hakujua. Majaji wenyewe waligawanyika. Msomaji asione aibu kugawanyika.

Jambo ambalo mjadala wa "angefanyaje" huliacha ni miaka iliyotangulia usiku ule. Wema wa Awn ulikuwa na faida kwa himaya. Wakazi waliotulia kwa sababu ya ofisa mwadilifu ni rahisi kutawala kuliko wanaopigwa kila siku. Utu wake ulikuwa wa kweli na uliokoa watu wa kweli, na papo hapo ulikuwa bega zuri chini ya gogo. Leckie anayashika yote mawili bila kulidondosha hata moja. Anatupa pia askari wa meli nyingine, Mercy of Sarrse, aliyeasi mapema alipoamriwa kuua huko Ime. Alirudishwa na kuuawa na dola, lakini habari zake zilienea, na Awn alipokuwa anasita hekaluni alikuwa anazijua. Kumbuka namba ya Milgram: aliyewaona wengine wakigoma hagomi peke yake.

Dhana zinazopotosha

Kuna wanaodhani kukaidi amri ndiyo maadili. Dawa yao ni The Word for World Is Forest ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1972 vita vya Vietnam vikiendelea. Wanadamu wamekwenda sayari ya misitu iitwayo Athshe kukata miti na wamewafanya wenyeji watumwa. Amri inafika kutoka mbali kwamba wenyeji waachiliwe na wasiguswe. Anayeikaidi ni Kapteni Davidson, kwa sababu anataka kuendelea kuua. Yeye anajiona mtu wa msimamo. Upande wa pili yuko Lyubov, mtaalamu anayewapenda wenyeji, anayeandika ripoti, anayemlinda rafiki yake Selver kwa kunyamaza, na ambaye uangalifu wake wote hauzuii chochote. Kukaidi ni chombo tu. Tunapaswa kuuliza kinatumika kwa faida ya nani.

Wengine huamini kwamba mwasi akichukua kiti, jeshi hutakasika. Frank Herbert aliona Dune ya mwaka 1965 ikisomwa hivyo, kama hadithi ya kijana aliyedhulumiwa akashinda. Katika Dune Messiah, ya mwaka 1969, kijana huyo, Paul Atreides, mwenyewe anapiga hesabu ya vita vilivyopiganwa kwa jina lake: watu bilioni 61 wameuawa. Wapiganaji wa jangwani waliokuwa wanaonewa wamekuwa jeshi la himaya mpya, na nia njema ya kiongozi haikuwa breki.

Dhana ya tatu ni kwamba mwandishi anakubaliana na mhusika wake mkuu. Jina Starship Troopers linabeba kazi za watu wawili wenye misimamo inayopingana. Riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1959 inaitetea kwa dhati jamii ambamo kura ni ya waliojitolea kuitumikia dola tu. Filamu ya mwaka 1997 iliongozwa na Paul Verhoeven, aliyekuwa mtoto Uholanzi chini ya Wanazi, na inaikejeli jamii hiyohiyo kwa kuivalisha uzuri wa matangazo. Watazamaji wengi waliuona uzuri, kejeli ikawapita. Kabla ya kumhukumu mwandishi, tazama hadithi inampa nani nafasi ya kuumia mbele yetu. Kama adui hana uso, hana lugha, na anakufa kwa maelfu bila jina, ama mwandishi amelala, ama anatuonyesha jinsi propaganda inavyoonekana ukiwa ndani yake. Ishara za kutofautisha mawili hayo zipo: je, kuna tukio hata moja ambapo taarifa rasmi inagongana na tunachokiona?

Wapi hadithi zenyewe hukosea

Kosa la kwanza ni dhamiri isiyogharimu. Katika The Force Awakens ya mwaka 2015, askari FN-2187 anakataa kuwafyatulia wanakijiji wa Jakku. Ni mwanzo mzuri sana. Damu ya mwenzake imebaki kwenye kofia yake, mkono hautii, kisha anamtorosha mfungwa rubani kwa sababu ni haki kufanya hivyo na pia kwa sababu hawezi kukimbia bila rubani. Maadili na mahitaji yamefungwa pamoja kama yalivyo maishani. Muda mfupi baadaye anawaua askari wenzake kwa shangwe, watu walioporwa utotoni kama yeye, na filamu haisimami hata kidogo kulifikiria. Yaani yeye alikuwa mtu, wale walikuwa kofia.

Kosa la pili ni swichi moja. Silaha kuu ikilipuliwa, himaya inaanguka, sherehe zinaanza. Makarani, walipa kodi, watengeneza chai na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi wako wapi? Mwandishi akitaka kukwepa hili ana njia inayofanya kazi: achague tendo moja la himaya, kwa mfano kuhamisha kijiji kimoja, kisha aliandike mnyororo wake wote, nani aliomba, nani alisaini, nani aliendesha, nani alifunga mlango, nani alikuta nyumba tupu na kuhamia. Kwa kila mtu ajue alichofahamu, angeweza kukataa kwa gharama gani, na alipata faida gani. Hadithi nzuri nyingi hujificha kwenye kiungo cha nne au cha tano, kwa mtu ambaye hakuwahi kushika silaha. Galen Erso wa filamu ya Rogue One, ya mwaka 2016, ni mtu wa aina hiyo: mhandisi anayejua kwamba akikataa atapatikana mwingine, basi anatii na kupanda kasoro ndani ya silaha anayoijenga. Kukataa kwake kulifanana na utii hadi siku silaha ilipolipuka, na kabla ya siku hiyo silaha ileile ilikuwa imeua.

Kosa la tatu ni kummaliza mhusika kwa kifo mara tu anapopata dhamiri. Kifo humpunguzia mwandishi kazi. Kazi ngumu ni kesho yake, aliyekataa akiwa hai na waliodhulumiwa wakiwa hai.

Leckie aliifanya kazi hiyo katika vitabu viwili vilivyofuata. Kwenye Ancillary Sword, ya mwaka 2014, Breq anakwenda Athoek, sayari ya mashamba ya chai yanayolimwa na watu waliohamishwa kutoka kwingine baada ya kutekwa, na huko anamtafuta Basnaaid, ndugu wa Luteni Awn. Anamwomba awe mrithi wa mali yake yote. Basnaaid anakataa. Hataki kuwa mahali ambapo Breq analipia deni. Breq anabaki na cheo alichopewa na mtawala anayemchukia, na kwa cheo hicho anashughulikia mabomba, makazi, mishahara ya wachuma chai na kesi za polisi, mambo ambayo hakuna bango la filamu lingeyachora. Na katika kitabu cha tatu, Ancillary Mercy, cha mwaka 2015, hatua yake kubwa ni kuzikabidhi akili za meli na za kituo cha angani funguo za amri zilizokuwa mikononi mwa wakubwa. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuzilazimisha kuua, na yeye mwenyewe yumo kati ya hao wasioweza. Baadhi zinaamua kubaki naye, nyingine zinamwambia wazi kwamba hazimpendi, naye anaendelea na kazi.